Shavu la Shangazi

Nilimfuta shangazi yangu shavu kwa mate. Nalisema hili mwanzoni kabisa, ili mwenye roho nyepesi akae kitako kabla sijaendelea.

Sio shavu la nyama. La nyama ningeanzia wapi, na kofi la Shangazi nalijua tangu sijaota meno? Nilifuta shavu lake la rangi, lililochorwa kwenye bango la sinema, ubao mpana kama mlango wa ghala. Na ubao huo ndio uliokuwa ushahidi pekee uliobaki duniani kwamba Shangazi aliwahi kuwa nyota.

Kazi yangu ni kufufua mabaki ya sinema za zamani. Kofia ya jambazi iliyoliwa na nondo, viatu vya mcheza dansi, tiketi, picha za waigizaji zilizokunjwa na kukaliwa, yote yanapita kwenye meza yangu. Nasafisha, naunga, nanyoosha. Kisha mpiga picha wetu, tunayemwita Flashi, anawasha taa zake na kuvipiga picha kwa kamera inayoona mpaka kinyweleo, na vitu vinapanda kwenye tovuti ili mtu yeyote mwenye simu avikuze na kuviona kana kwamba amevishika. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya vitambaa. Kina meza mbili ndefu, mapazia meusi, na friji ya kuhifadhia mikanda ya filamu ambayo Flashi anaficha humo maji yake ya kunywa, ingawa kuna karatasi mlangoni inayomkataza yeye kwa cheo.

Kazi hii sikuisomea nikiwa kijana. Nilipita kwanza kwenye mitumba, ushonaji na ndoa mbili. Mume wa kwanza aliondoka na redio, wa pili akaja akaondoka na betri. Nilipojifunza kurudisha rangi kwenye kitu kilichochubuka, nilikuwa tayari nimechubuka kiasi cha kuelewa somo upesi.

Sasa, kuhusu mate. Usicheke. Mate ya binadamu yanakula uchafu taratibu bila kuumiza rangi, na mafundi wengi wa kazi hii wanayatumia, ila mbele ya wageni hawayataji. Unachukua kijiti chenye pamba, unakilamba, unakizungusha polepole juu ya vumbi, unakitupa, unachukua kingine. Hukilambi tena kilichokwisha tumika, labda kama umechoka kuishi.

Na kuhusu bango. Lilikuwa la filamu moja iliyotengenezwa wakati mimi bado nanyonya. Kwenye ubao kuna mbingu nyekundu, mwanamume mdogo ameshika taa, farasi, na mbele yao wote uso mkubwa wa mwanamke. Chini yameandikwa majina ya wanaume watatu na jina la farasi. La mwanamke halipo. Mchoraji wa sinema aliona farasi ndiye atakayelalamika.

Filamu yenyewe haipo tena. Nakala ya mwisho ilioza ndani ya kopo, na tulipolifungua tulipokewa na harufu ya siki na mkanda ulioshikana kama sabuni iliyolowa. Kwa hiyo tangu nikiwa mtoto hapakuwa na njia ya kumaliza ubishi uliougawa mtaa wetu. Walioona bango kwenye ukumbi wa kuingilia waliapa kwamba ni Shangazi. Walioingia ndani kuangalia filamu waliapa kwamba hayumo. Shangazi aliwajibu wote kwa maneno yale yale: "Mlikuwa mnaangalia farasi."

Sinema ikafungwa, ikageuzwa ghala la magunia, bango likapotea. Wajukuu wa Shangazi wakakua wakimwita Nyota ya Mchana. Ipo, lakini nani ameiona? Yeye anacheka nao, anawarushia kandambili, lakini mimi niliyelelewa naye najua kicheko chake kinapoishia kooni. Mama yangu alifariki kabla sijaachishwa ziwa, na Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenibeba. Nyumbani hapakuwa na picha hata moja ya mama. Nikiuliza, Shangazi alisema, "Alikuwa mtu mwema," kisha akanipa kazi ya kuosha vyombo. Niliosha vyombo vingi sana.

Basi ghala lilipoanza kukarabatiwa, mafundi wakakuta ubao umegeuzwa ukutani nyuma ya pazia kuu. Ukaletwa kwetu. Mkuu wetu, mwanamke anayetembea kama amechelewa ndege, alifurahi akaamua kwamba ukurasa wa bango uzinduliwe siku maalumu kwenye tovuti, na kwamba Shangazi mwenyewe aje apigwe picha akiwa amesimama kando ya uso wake. Habari zikafika mtaani kabla ya mimi kufika nyumbani. Kundi la familia kwenye simu lilichemka. Wale wanawake wa gengeni waliokuwa wakimsengenya walianza kumwamkia kwa adabu. Shangazi alitulia kabisa, na kwa mtu wa aina yake, hilo lilitosha kunitia wasiwasi.

Siku yenyewe nilifika mapema kumalizia uso. Sehemu nyingine za ubao nilikuwa nimeshazisafisha na ziling'aa, lakini uso ulikuwa umefifia, umepauka kama mtu aliyeamka na homa. Nikadhani ni vumbi. Majaribio nilikuwa nimeshafanya kwenye pembe, kama sheria inavyotaka: mbingu nyekundu haikutoa rangi hata kidogo. Rangi ya mafuta, vanishi juu yake, imara. Ubao mmoja, mchoraji mmoja, kwa nini uso uwe tofauti?

Nikalamba pamba, nikaanza shavuni.

Pamba ikarudi na hudhurungi. Nikafurahi. Vumbi la miaka hiyo yote huwa na rangi hiyo hiyo. Nikatupa, nikalamba nyingine. Hudhurungi tena, safari hii nzuri, nzito. Nikawa naimba kabisa.

Flashi alikuwa kwenye kiwambo cha kompyuta yake, kamera ikiwa juu ya meza inanitazama.

"Fundi," akasema.

"Usinikatize, niko kwenye ubeti wa pili."

"Fundi, shavu linakwenda wapi?"

"Linakwenda wapi vipi? Shavu huwa linasafiri?"

"Njoo uone. Lilikuwa hapa nilipokunywa maji."

Nikainua kichwa. Ukikaa karibu mno na kitu hukioni, na mimi nilikuwa nimekiinamia kama anayetafuta sindano. Nikarudi nyuma hatua kadhaa. Shavu la kushoto la Shangazi lilikuwa limeondoka. Halikuwa limechubuka wala kufifia. Lilikuwa limo ndani ya ndoo ya taka, kwenye vijiti vyangu.

"Mungu wangu," nikasema. "Nimemlamba Shangazi."

"Umemla," Flashi akasema. "Tuseme ukweli."

"Nyamaza! Ni rangi ya maji! Nani anachora mbingu kwa mafuta na uso kwa maji? Mwendawazimu gani?"

Flashi aliacha kiwambo chake. Alikuwa amesogea karibu na ubao, na taa yake mkononi. Na Flashi ni mtu anayeongea hata akiwa anapiga mswaki, kwa hiyo kimya chake kikanivuta nisogee.

Chini ya shavu lililoondoka palikuwa na shavu jingine.

Lilikuwa jembamba zaidi, linang'aa, la rangi ya mafuta chini ya vanishi kama mbingu na farasi. Na pale juu, ukingoni mwa sehemu niliyofuta, ilichungulia kona ya jicho.

Sheria inasema ukikuta jambo kama hilo unaacha vijiti, unamwita Mkuu, mnakaa kikao. Naijua sheria, mimi ndiye niliyeibandika ukutani. Nikasema nafungua kidogo tu. Kidogo cha fundi ni kama kidogo cha mlevi. Nililamba, nikazungusha, nikatupa, na jicho likafunguka mbele yetu polepole kama la mtu anayeamka.

Hapa nieleze jambo moja kuhusu uso wangu. Ukope wangu wa kushoto umeanguka. Haufunguki wote. Shuleni waliniita Nusu Usingizi, na jina limenifuata mpaka kwenye ndoa zote mbili. Baba yangu macho yake yalikuwa sawasawa. Shangazi naye macho yake yako sawa, na makali. Nilipouliza nimeurithi kwa nani, niliambiwa nilipozaliwa nililalia jicho.

Jicho la kwenye ubao lilikuwa na ukope ulioanguka. Upande ule ule, kwa kiasi kile kile.

Flashi alichukua simu yake, akafungua kamera ya mbele, akainyoosha mbele ya uso wangu. Nikatazama simu, nikatazama ubao, nikarudi kwenye simu.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "umejichora lini?"

Nilishika meza. Nimepigwa na mambo mengi katika maisha haya, na kila pigo nimelipatia utani wake baadaye. Hili halikunipa nafasi hata ya kupumua. Mwanamke ambaye nilikuwa nimetafuta uso wake kwenye vioo tangu utotoni, nikijaribu kutoa sura ya baba ndani ya yangu ili nione kinachobaki, alikuwa amelala chini ya pamba yangu, ananitazama kwa jicho langu mwenyewe. Na juu ya nusu yake nyingine amekaa Shangazi.

"Hodi humu ndani!"

Ukitaka kumjua adui wa kweli, ni yule anayefika kabla ya saa. Nikavuta shuka la kufunikia vyombo, nikalitupa juu ya ubao.

Shangazi aliingia na miwani myeusi, gauni la kumeta, na midomo myekundu kama ile mbingu ya kwenye bango. Alikuwa amenyooka. Uzee wote alikuwa ameuacha mlangoni pamoja na mwavuli.

"Karibu, mama nyota," Flashi akasema.

"Asante, baba. Wewe ndiye utakayenipiga? Nipige kutoka upande huu, ule mwingine una meno machache." Akanigeukia. "Na wewe mbona umekauka kama umeona mzimu?"

"Shangazi, kaa kwanza."

"Sitakaa, gauni litakunjamana. Nifunulie mwenyewe nijione."

"Shangazi, kumetokea ajali ndogo."

"Ajali ndogo ni ya kumwaga chai. Funua."

"Nikuletee maji?"

"We mtoto! Nimekulea, ukinidanganya masikio yako yanasogea. Funua shuka."

Sikuweza. Alilivuta mwenyewe, kwa mkono mmoja, kama anayemwamsha mvivu asubuhi.

Nilingoja kelele na kofi. Hata Flashi alikuwa amejificha nyuma ya stendi yake ya chuma, nyembamba kama fimbo, ikimfunika pua tu.

Shangazi alivua miwani. Akatazama nusu yake iliyobaki, akatazama nusu ile nyingine. Simu ndani ya mkoba wake ililia mara kadhaa, akina wajukuu wanauliza picha iko wapi, hakuisikia. Kisha akakaa juu ya sanduku la makopo ya filamu, gauni na mikunjo yake yote.

"Umetumia nini?" akauliza.

"Mate."

"Mate tu?"

"Mate tu, Shangazi. Sikujua. Naapa sikujua."

"Kumbe hakunidanganya," akasema, na hakuwa anasema na mimi. "Yule mchoraji. Aliniambia maji tu yatautoa. Mimi nikasema wachoraji ni waongo."

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Unauliza, na jicho unalo?"

Nilijua, lakini kuna mambo hata ukiyajua unataka mtu mwingine ayatamke, usije ukawa umeyaokota ndotoni.

"Ni mama yako," akasema. "Yeye ndiye aliyecheza. Mimi nilimbebea mkoba tu, na siku moja nikamshikia farasi kamba."

Flashi alitoka nyuma ya stendi yake.

"Alipokufa," Shangazi akaendelea, "filamu ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuonyeshwa. Baba yako alichoma picha zote nyumbani. Alisema akiziona hapumui. Lakini kwenda kazini hakuwa na njia nyingine ila kupita mbele ya sinema. Kila asubuhi akasimama pale mpaka wakamfukuza kazi. Jioni anakuja na wewe mgongoni, anakuonyesha, analia, watu wamejaa wanatazama bure. Siku moja akatoka nyumbani na shoka."

"Baba?" Baba yangu aliyekuwa akiomba radhi hata akimkanyaga paka?

"Baba yako. Nilimkuta mlangoni pa sinema, wameshamshika. Nikaenda kwa mchoraji nikamwambia, mfiche huyu mwanamke, lakini usimuue, mtoto atamtaka. Akasema, ubao hauwezi kubaki bila uso, niweke wa nani? Nikamwambia weka wangu. Ndugu yangu asingeweza kunipiga shoka mimi. Basi nikakaa kwenye kigoda, akanichora kwa rangi ya watoto wa shule juu ya vanishi. Kisha tukahamia mtaa wetu huu, ambako hakuna aliyemjua mama yako."

"Na mimi ukaniambia nini?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nilikuuliza kila siku! Nilikuuliza mpaka nikaacha!"

"Ulikuwa unauliza, na mimi nilikuwa nakupa chakula."

"Sikuuliza chakula!"

"Nilimwapia baba yako kwamba sitamtaja ndani ya nyumba ile maadamu yu hai. Na alipokufa, mwenye sinema alishaniambia mabango yote yamechanwa kuni. Ningekwambia nini? Kwamba mama yako alikuwa ukutani, mimi nikamkalia usoni, kisha ukuta ukapotea?" Akafuta jasho juu ya mdomo, kwa uangalifu, asiguse rangi. "Na tusidanganyane. Nilipenda. Watu wananigeukia barabarani, wananiuliza farasi alikuwa anauma? Mara ya kwanza nilisema uongo kwa ajili ya ndugu yangu. Baadaye nikausema kwa ajili yangu. Uongo ni kama kiatu cha kuazima, ukikivaa sana unasahau miguu ni ya nani."

"Leo ulikuja kuniambia?"

Ningependa kuandika kwamba alisema ndiyo.

"Leo nilikuja kupigwa picha," akasema. "Ndiyo maana nimejipaka hivi. Nilisema nikishapigwa, nitaona."

Simu yake ikalia tena. Safari hii aliitoa, akaitazama, akanipa niisome kwa kuwa miwani ya kusomea hakuja nayo. Mjukuu wake mkubwa alikuwa ameandika kwamba Nyota ya Mchana asichelewe, majirani wote wamekaa ukumbini kwake wanangoja, na kwamba wanamwomba msamaha kwa utani wa miaka yote. Nilimsomea. Akafumba macho.

Sikuwahi kumwona Shangazi akiogopa. Aliwahi kumfukuza mwizi kwa mwiko. Lakini pale juu ya sanduku aliogopa kama mtoto aliyevunja kitu cha jirani, na hasira yangu yote ikakosa mahali pa kusimama.

"Sikiliza," nikasema. "Flashi ana picha ya asubuhi, kabla sijakugusa. Rangi ya maji ninayo. Mpaka Mkuu afike, shavu litakuwa limerudi. Hakuna atakayejua ila sisi watatu, na Flashi nikimnunulia friji yake mwenyewe atanyamaza."

"Nitanyamaza hata bila friji," Flashi akasema.

Nilimaanisha. Mkono ulikuwa tayari kwenye kopo la rangi, ingawa jicho la ubaoni lilikuwa bado linanitazama. Lakini yule wa ubaoni hakuniosha, hakuniuguza, hakusimama getini shuleni na mwiko kumngoja aliyeniita Nusu Usingizi. Huyu wa kwenye sanduku ndiye.

Shangazi alifumbua macho akanitazama kana kwamba nimemtusi.

"Umfunike tena mama yako? Kwa ajili ya wanawake wa gengeni?"

"Kwa ajili yako."

"Nipe pamba."

"Shangazi, wageni hawaruhusiwi kugusa. Ni mali ya kumbukumbu."

"Nimekutawaza wewe mpaka umekwenda shule, nitashindwa na ubao? Nipe pamba!"

Nikampa. Ufanyeje? Akakifikisha kijiti mdomoni, na hapo ufundi ukanizidi, nikapiga kelele, "Lipstiki! Futa lipstiki kwanza, utamtia wekundu!"

Akanitazama. Akatoa leso kwenye mkoba, akasugua midomo yote, nguvu, mpaka wekundu ukaisha na akabaki na midomo yake ya kila siku, ya kusaga maneno. Kisha akalamba kijiti, akainama juu ya uso wake mwenyewe, akaanza kujifuta.

Nilimwonyesha mara moja tu jinsi ya kuzungusha bila kusugua. Aliondoa jicho lake la kulia. Akaondoa pua. Kila kijiti alichokitupa alikitazama kwanza, kama mtu anayeaga abiria mmoja mmoja. Flashi alikuwa anapiga picha kila hatua, na mara kwa mara anajifuta macho kwa kitambaa cha lenzi, kitu ambacho ningemgombeza siku nyingine yoyote.

Mlango ukafunguka. Mkuu akaingia kwa mwendo wake wa kuchelewa ndege, karatasi mkononi, akasimama ghafla. Alimwona mwanamke mzee wa gauni la kumeta akilamba pamba na kufuta bango alilolitangaza kila mahali.

"Nani... nini... nani amemruhusu... anafanya nini huyu mama?"

"Subiri, mwanangu," Shangazi akasema bila kuinua kichwa. "Najimaliza."

Karatasi zilimwanguka Mkuu zote. Akanitazama mimi nimweleze. Flashi akamvuta mkono akamwonyesha kwenye kiwambo: uso wa asubuhi, kisha nusu, kisha jicho. Kisha akamwonyesha mimi. Mkuu alitazama jicho langu, akatazama la ubaoni, akakalia kiti ambacho hakikuwepo. Flashi alimdaka kwapani.

Mdomo ndio ulikuwa wa mwisho. Shangazi alisita hapo. Midomo yake ya rangi ilikuwa imefungwa, ya mtu anayetunza jambo. Akapitisha pamba, akapitisha tena, na chini yake pakatoka meno. Mama yangu alikuwa anacheka. Jino la mbele limevunjika pembe kidogo, na anacheka kwa mdomo wote, bila kujali filamu ni ya huzuni au ya farasi.

"Ndivyo alivyokuwa," Shangazi akasema. "Anakukosea, halafu anacheka hivyo, unajikuta wewe ndiye unayeomba radhi."

Mimi ubongo ulikuwa umesimama mahali pengine kabisa. Maisha yangu yote nilikuwa nimemtafuta mwanamke mkubwa. Mtu mzima, mtulivu, wa kunishika kichwa. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa msichana. Mashavu ya kitoto, shingo changa, hereni ya bei rahisi. Ningekutana naye barabarani ningemwita binti, ningemwambia afunge vizuri kilemba. Ningeweza kuwa nimemzaa. Hilo hakuna aliyenitayarisha nalo, na mpaka leo likinijia nikiwa nimesimama, hutafuta pa kukaa.

"Alikuwa mdogo hivi?" nikauliza.

"Sote tulikuwa wadogo," akasema Shangazi. "Ulidhani nilizaliwa na kiuno kibovu?"

Mkuu alikuwa amepata sauti yake, au nusu yake. Aliuliza kwa upole jina la marehemu, maana ukurasa ulikuwa haujapanda na sehemu ya mwigizaji ilikuwa imejazwa jina la Shangazi. Shangazi akalitamka. Jina zima, la kwake na la baba yake. Nililiandika mwenyewe kwenye kompyuta, na Flashi akalazimika kunifutia herufi zilizojirudia.

"Na wewe, mama?" Mkuu akauliza. "Wewe tukuandike nani?"

"Wifi yake."

"Tutaweka na picha ya uso wa juu, ule wa asubuhi. Nao ni historia."

"Wekeni, lakini msiniite nyota." Akamgeukia Flashi. "Mimi nichapishie mmoja niutundike chumbani. Nilikuwa mzuri bwana, hilo halikuwa uongo."

Kisha akachukua simu. Iliendelea kulia, ukumbi mzima wa majirani ukiwa ndani yake. Nilijaribu kumshika mkono, nikamwambia tungoje, tutafute maneno, mimi nitawaeleza. Akanipiga kofi dogo la mkononi, akafungua kundi la familia, akabonyeza pale pa kurekodi sauti.

"Nyinyi," akasema. "Walioingia ndani ya sinema walisema kweli. Sikuwa mimi. Alikuwa mama yake huyu mtoto wangu, na mimi nimewadanganya miaka yote. Chekeni mmalize. Mkimaliza, mfungue huo ukurasa wao mumsalimie, na mumsalimie kwa jina. Nalituma sasa hivi."

Akatuma. Na jina akalitamka, akalituma kwa sauti vile vile. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akaiwekea mkoba juu yake, na hata ilipoanza kutetemeka na kutetemeka mpaka mkoba ukasogea wenyewe, hakuigusa. Alivuta sanduku lake mbele ya ubao, akakaa, akaushika mkono wangu bila kunitazama. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma.

"Usiniulize lolote kwanza," akasema. "Nitakwambia yote. Ila ngoja hii simu ichoke."